Roketi ya maji au ya injini ya baruti? Ulinganisho kwa klabu za shule Lubumbashi

Klabu ya fizikia inayojiandaa kurusha roketi hapa Lubumbashi ina njia mbili za kuchagua. Moja ni chupa ya sukre (soda) iliyotiwa maji theluthi, ikajazwa hewa kwa pompi ya kinga (baiskeli), kisha ikaachiliwa. Nyingine ni roketi ya karatasi ngumu na mbao nyepesi yenye injini ndogo ya baruti iliyotoka kiwandani, inayowashwa kwa umeme. Iko na ya tatu ambayo vijana huiulizia kila mara, ile ya kuchanganya baruti nyumbani. Hiyo hatuilinganishi na kitu, na sababu iko chini.

Swali la kwanza la wengi ni ipi inapanda juu zaidi. Ya injini, bila shaka. Lakini urefu haukusaidii kuchagua. Jiulize mwezi huo uwanjani kuna nyasi gani, na una watu wazima wangapi wa kulinda mstari wa watazamaji. Ukishajibu hayo mawili, kazi ya kuchagua imebaki ndogo.

| | Maji | Injini ya baruti |
|---|---|---|
| Nguvu ya kusukuma | takriban niutoni 300 mwanzoni, kwa bari 4 (bari ni kipimo cha mgandamizo) | wastani wa niutoni 6 hadi 8 (injini za aina ya C6 na A8; namba hizi zinaelezwa chini) |
| Muda wa kusukuma | chini ya sehemu ya kumi ya sekunde | chini ya sekunde 1 (A8), karibu sekunde 2 (C6) |
| Urefu wa kawaida | mita 30 hadi 60 | A8 hufika makumi ya mita, C6 hupita mita 200 kwa roketi nyepesi |
| Hatari kubwa | wakati wa kupiga pompi | wakati wa kuwasha, na baada ya kutua |
| Kurusha tena | chupa ileile, dakika chache | injini mpya kila mara |

Hatari inakaa wapi

Watu huona maji wakadhani ni mchezo wa watoto, wakaona baruti wakashtuka. Hesabu inasema vingine. Shingo ya chupa ya soda ina upana wa ndani wa takriban milimita 22. Chupa ikiwa na bari 4, nguvu inayoirusha mwanzoni inafika niutoni 300 hivi, sawa na uzito wa kilo 30. Nusu lita ya maji inamwagika yote kabla sekunde haijafika sehemu yake ya kumi. Jicho haliwezi kuifuata: chupa ilikuwepo, sasa umebaki mtambo wa kurushia unaochuruzika na tope limeruka pande zote. Injini ya C6 inasukuma kwa wastani wa niutoni 6 tu.

Tofauti ya maana zaidi ni hii: chupa inabeba nguvu yake tangu pompi ya kwanza, hali injini inalala mpaka umeme upite. Mtoto akiinama juu ya chupa yenye bari 3 ili aone kama inavuja, tayari yuko kwenye hatari. Akiinama juu ya injini ambayo ufunguo wa kisanduku chake cha kuwashia uko mfukoni mwa mwalimu, hayuko. Kwa upande mwingine, chupa ikishatua imekwisha, lakini roketi ya injini inaweza kutua na kipande kinachofuka ndani ya nyasi, moto ukaanza wakati watu wanapiga makofi.

Kwa hiyo roketi ya maji inataka ulinzi mkali kabla ya kuruka, na ya injini inataka ulinzi mkali kuanzia kuwasha hadi nusu saa baadaye. Kama una walimu wawili tu na watoto hamsini, maji ni rahisi zaidi kuyalinda, maana hatari yake yote iko mahali pamoja, kwenye mtambo, na unaweza kuizungushia kamba.

Msimu na uwanja

Hapa Lubumbashi ndipo mambo yanapoamuliwa, tena na majira kuliko na pesa.

Mvua zikikatika mwezi wa 4, mbingu inakuwa safi na nyasi bado ni mbichi. Mwezi wa 5 ndio mwezi wa roketi za injini. Kuanzia mwezi wa 7 nyasi za miombo zimekauka kabisa, na mwezi wa 8 na wa 9 upepo unaongezeka, moto wa porini unaonekana kila upande wa mji. Miezi hiyo usiwashe injini juu ya nyasi hata kidogo. Rusha maji, au tafuta uwanja wa udongo mwekundu usio na kitu. Mwezi wa 10 kuna joto na ngurumo za kwanza. Fimbo ya chuma ya kuongozea roketi iliyosimama wima uwanjani na radi havikai pamoja: ukisikia ngurumo ya mbali, funga vifaa, hata kama foleni bado ina roketi kumi.

Ukubwa wa uwanja nao unachagua. Kanuni za chama cha roketi cha Marekani, ambazo zimetumika tangu miaka ya 1950 na zimethibitika, zinataka upande mfupi wa uwanja uwe angalau mita 30 kwa injini ya herufi A, mita 60 kwa B, mita 120 kwa C na mita 150 kwa D. Pima uwanja wa mpira wa shule yako kwa hatua. Viwanja vingi vya shule vina upana wa mita 50 au 60, kwa hiyo hapo ni A tu, na B kama kipimo kinafika kweli. C inataka shamba la nje ya mji. Roketi ya maji ya bari 4 inatosha kwenye uwanja wa mpira, mradi watu wakae pembeni.

Wakae pembeni ipi? Roketi yenye mapezi hugeuza pua kuelekea upepo unakotoka, kisha parashuti ikifunguka inarudi na upepo. Njia yake yote iko kwenye mstari wa upepo. Usiwaweke watazamaji mbele ya upepo wala nyuma yake, waweke ubavuni. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka sana kusini-mashariki, na asubuhi ya mwezi wa 6 jua liko kaskazini-mashariki. Wakisimama upande wa kaskazini-mashariki mwa mtambo, upepo unapita ubavuni mwao na jua liko mgongoni. Wataiona roketi ikishuka badala ya kukodoa macho kwenye mwanga. Anza saa moja asubuhi, maliza kabla ya saa nne upepo haujapanda. Mti wenye matawi membamba ukitikisika wote, acha.

Na vichuguu. Kila uwanja wa nje ya mji unavyo, vingine virefu kuliko nyumba. Ni kinga nzuri sana kwa mtu anayepiga pompi, lakini watoto watataka kupanda juu ili waone. Wakatazeni mapema, maana mtu aliye juu ya kichuguu hawezi kushuka haraka roketi ikimjia. Waya za umeme mkubwa ziwe mbali kabisa na eneo la kutua. Roketi ikinasa huko imekwenda. Hakuna fimbo wala ngazi ya kuifuata.

Kujenga ya maji

Chukua chupa ya soda ya lita 1.5, yenye gesi. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, haikutengenezwa kuzuia mgandamizo, na itapasuka. Iinue kwenye mwanga uitazame taratibu huku ukiizungusha. Mkunjo wenye mstari mweupe kama mshono maana yake plastiki imechoka hapo, na hapo ndipo itafunguka. Mkwaruzo wa mchanga, hasa karibu na kitako, ni sababu ya kuitupa pia. Usipige sandpepa ili kole (gundi) ishike. Usitumie kole ya moto ya bastola, inalegeza ukuta. Mapezi yashonwe au yabandikwe kwenye pete iliyokatwa kutoka chupa nyingine, kisha pete ivishwe juu ya chupa na kufungwa kwa skochi. Mapezi matatu au manne ya kartoni ngumu yanatosha. Puani weka gramu 40 hivi za udongo wa mfinyanzi uliofungwa ndani ya puto, kisha funika na sponji. Hakuna msumari, hakuna waya, hakuna kifuniko cha chuma.

Kabla ya siku yenyewe, funga uzi kwenye chupa tupu mahali inapolala sawa bila kuinama upande wowote, uizungushe kichwani kwa uzi wa mita 2. Ikitangulia pua, iko imara. Ikienda ubavu au kinyume, ongeza uzito puani au kuza mapezi.

Mtambo wenyewe ni tiyo (bomba) ya PVC inayoingia shingoni mwa chupa ikizuiliwa na mpira wa duara, na vifungo vya plastiki vya mafundi umeme vikishika ukingo wa shingo, vyote vikibanwa na pete inayoshushwa kwa kamba. Nenda dukani na chupa yako mkononi ujaribu tiyo kabla ya kulipa, kwa sababu vipimo hutofautiana na tiyo ikicheza hata kidogo hewa itavuja.

Kosa moja linarudi kila mwaka, nalo ni kusahau robine ya kutolea hewa. Valvu ya mpira wa baiskeli inaruhusu hewa kuingia na inaizuia kurudi. Kamba ikikwama na chupa ina bari 4, bila robine hakuna namna ya kupunguza isipokuwa mtu aende kwa miguu kuichokonoa. Basi weka robine ndogo kati ya valvu na chupa, na iwe upande wa anayepiga pompi. Mpira wa hewa uwe na urefu wa mita 8, na kamba ya kufungulia vivyo hivyo.

Kila chupa ijaribiwe kwa maji. Ijaze mpaka juu pamoja na mpira wa hewa, ifunike kwa ndoo iliyokandamizwa na jiwe, kaa mita 8, piga hadi bari 6, subiri dakika 2. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo chupa ikipasuka mgandamizo unaanguka papo hapo na kilichotoka ni mchirizi tu. Ufa uleule ukitokea ikiwa na hewa, ni mlipuko na vipande. Iliyopita kipimo hicho irushwe kwa bari 4 na isizidi. Manometa (saa ya kupimia mgandamizo) ikionyesha PSI, bari 4 ni PSI 58. Andika idadi ya safari kwenye chupa kwa kalamu; zikifika kumi, mpe mtu anayetafuta chupa za mafuta.

Kujenga ya injini

Mwili ni bomba la karatasi, pua ni ya mbao nyepesi au plastiki, mapezi ni mbao nyepesi, na parashuti ni ya plastiki nyembamba. Kati ya injini na parashuti huwekwa karatasi isiyoshika moto, kwa sababu mwishoni injini hupiga moto kwenda mbele ili kusukuma parashuti nje. Kosa la hapa ni kutumia karatasi ya chooni. Inashika moto taratibu, inatoka ikifuka, inashuka nyasini, na mwezi wa 8 hicho kinatosha kuchoma shamba la jirani. Kama karatasi maalumu imekwisha, majani mabichi yaliyokunjwa yanafaa kuliko karatasi yoyote ya kawaida.

Namba ya injini isomwe na kila mtu. C6-5: C ni kiasi cha nguvu yote, na kila herufi ina kikomo mara mbili ya iliyotangulia; 6 ni wastani wa niutoni; 5 ni sekunde za kusubiri kabla ya kusukuma parashuti. Sekunde nyingi mno kwenye roketi nzito maana yake inafika chini kabla parashuti haijatoka.

Roketi huongozwa na fimbo ya chuma ya milimita 3, urefu wa sentimita 90, iliyosimama wima au kuinama si zaidi ya digrii 30. Chini kuna bamba la chuma la kuzuia moto. Ncha ya fimbo ivishwe kofia muda wote usiorusha: imekaa usawa wa jicho la mtu anayeinama, na jicho haliponi. Zunguka mtambo, futa nyasi zote mita 3 hadi uone udongo. Weka bidoni mbili za maji za lita 20, matawi mabichi ya kupigia moto na chepe moja, na watu wawili ambao kazi yao ni hiyo tu.

Hifadhi injini ndani ya boksi lake, mahali pakavu na baridi, mbali na mbabula (jiko la makaa). Usiziache kwenye gari lililofungwa wala chini ya mabati. Joto la mchana na baridi ya usiku, kama tulivyo nazo mwezi wa 7, zikirudiarudia, baruti huachana na ukuta wake wa kartoni. Ukiwasha, moto unapita kwenye ufa, unaunguza eneo kubwa kuliko lililopangwa, na injini inapasuka kwenye fimbo.

Dakika ya kurusha, na ya kughairi

Kwa maji: anayepiga pompi na anayevuta kamba wako mita 8, wana miwani ya kukinga macho, watazamaji wako nyuma ya kamba mita 20. Maji yanatiwa mwisho, nusu lita kwa chupa ya lita 1.5. Ukiona mchirizi shingoni, fungua robine, subiri manometa irudi sifuri, ndipo usogee. Chupa iliyokwisha kujazwa isiachwe juani ikisubiri hotuba ya mgeni wa heshima.

Kwa injini: aliyeweka kiwashio ndiye mwenye ufunguo, na ufunguo haugusi kisanduku mpaka arudi nyuma ya mstari. Mita 5 kwa injini hadi D, mita 9 kwa kubwa kuliko hiyo. Hesabu kwa sauti kutoka 5. Isipowaka, toa ufunguo, tenganisha betri, subiri sekunde 60 kamili kwa saa, kisha mtu mmoja aende. Mara nyingi kosa ni dogo: kiwashio hakijagusa baruti, vibano viwili vimegusana, au betri zimechoka.

Weka pia maji safi ya kuosha macho, na kwa aliyeungua maji yanayotiririka dakika 20. Hakuna mafuta, hakuna dawa ya meno.

Injini zinatoka wapi, na kwa nini si za nyumbani

Hapa maji yanaipita injini mbali sana. Injini za roketi ni baruti, na mashirika ya ndege hayazikubali kwenye mzigo wa abiria, wa mkononi wala wa chini ya ndege. Anayekuletea “mbili tatu sandukuni” anahatarisha ndege nzima. Njia ni mwagizaji mwenye kibali cha vilipuzi, na hiyo inachukua muda. Shule isiyo na njia hiyo imeshachagua maji, na haijapoteza fizikia yoyote: mgandamizo, mwendo, uthabiti, vyote viko ndani ya chupa.

Ndiyo maana kuna kishawishi cha kupika baruti. Marekani walipita hapo. Katika miaka ya 1950 vijana walikuwa wakijaza mchanganyiko ndani ya mabomba ya chuma, wakapoteza vidole na macho. Orville Carlisle, mwenye duka la viatu huko Nebraska, alitengeneza mwaka 1954 roketi ya karatasi yenye injini ya kubadilisha, na mwaka 1957 G. Harry Stine, aliyefanya kazi kwenye roketi kubwa, akaandika kanuni za usalama. Msingi wao haujabadilika: mwanafunzi hagusi baruti, anagusa injini iliyofungwa tayari.

Ruhusa

Eneo hili limewahi kusikia roketi kubwa. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha tatu huko Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, na ya tatu, ya tarehe 5 Juni 1978, ilishindwa. Neno “roketi” likifika kwa askari peke yake, linaleta silaha akilini. Peleka barua kwa shefu wa kartie na kwa komine wiki mbili kabla, na nakala kwa polisi, ukiwa na chupa au roketi yenyewe mkononi. Eleza tarehe, saa, mahali na sauti itakayosikika, maana chupa ikipasuka inalia kama risasi. Waambie majirani siku moja kabla. Upande wa uwanja wa ndege wa Luano usirushe kitu, na kwa injini za C popote karibu na mji zungumza kwanza na RVA, shirika linalosimamia viwanja vya ndege.

Tungechagua nini

Shule ya msingi: maji, bari 3, mtu mzima ndiye anayepiga pompi, mtoto anavuta kamba. Sekondari kwa mara ya kwanza: maji, bari 4, mwezi wowote wa kiangazi. Sekondari iliyokwisha kurusha maji siku mbili tatu bila mtu kuvuka kamba, yenye mwagizaji halali na uwanja uliofyekwa: injini ya A, mwezi wa 5. Wanafunzi wa chuo wenye shamba la mita 120 wanaweza kwenda C. Kama mwezi umefika wa 8 na injini zimechelewa, ziweke hadi Mei ijayo, urushe chupa.

Baada ya roketi ya mwisho, wa maji wafungue robine zote na kukunja mpira. Wa injini wahesabu maganda yote, yaliyotumika na yasiyotumika, mpaka idadi ilingane na ya asubuhi. Kisha wale wawili wa bidoni wabaki nusu saa wakitembea mstari wa upepo polepole, wakinusa, na kumwagia maji kila kipande cheupe cha karatasi watakachokiona nyasini.